Tundu la Ratili Mbili

Nabisha hodi!

— Karibu, ingia na chako!

Changu nimekibeba kichwani.

— Kina uzito gani?

Hakijapimwa.

— Kitue tukipime!

Natua. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sisimami.

Siku ile, ukingoni mwa Bwawa la Matetemi, walikuwapo wafuatao. Nitawataja mmoja mmoja kwa jina lake sahihi, kwa sababu hadithi hii imeharibiwa sana na watu wanaosema "mnyama fulani" na "ndege fulani", kana kwamba wanyama hawakupewa majina.

Alikuwapo Kiboko, mwenye bwawa. Alijiita mwenye bwawa. Bwawa lenyewe halikuulizwa.

Alikuwapo Karani Tamba, ndege wa miguu mirefu, mwenye manyoya yaliyochomoza kisogoni kama kalamu. Karani Tamba ni jina la aina yake tangu zamani, wala si cheo. Kiboko hakulijua hilo. Alisikia "karani" akampa kazi siku hiyo hiyo.

Alikuwapo Kobe wa nchi kavu. Si kasa. Kasa ni wa baharini na hakuwapo.

Alikuwapo Chatu, nyoka asiye na sumu na asiyeihitaji.

Alikuwapo Nungunungu, pamoja na mwanawe mmoja.

Alikuwapo Nguchiro, mama wa watoto wanne. Wako wanaomwita kicheche. Kicheche ni mwingine, ananuka, na siku hiyo hakuonekana.

Wengine walikuwapo pia, akina digidigi na kanga na pimbi, lakini hawakusema neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho, kama ilivyo desturi ya wengi. Basi hao tuwaache wasimame walipo.

Mwaka ule mvua haikunyesha. Mito ilikauka, visima vilikauka, ndimi zilikauka. Kilichobaki ni Kijito cha Matetemi, chembamba kama utepe, kikitoka mlimani na kuteremka bondeni. Kila mnyama alishuka, akanywa, akaondoka. Hapakuwa na ugomvi.

Kiboko akaona wanyama wanakunywa bila kumwomba yeye, akaumia moyoni. Akakusanya magogo, akakusanya udongo, akakusanya majani, akakizuia kijito kwa ukuta. Kisha akauzungusha ukuta pande zote, maji yakajaa ndani, naye akaingia kati. Bubujiku! Akalala humo, masikio nje, macho nje, mwili ndani.

Bondeni maji yakakoma.

Wanyama wakaja ukutani, wakalia mchana kutwa. "Maji! Maji! Maji!" Kiboko hakuwaonea huruma, ila kelele zilimkatiza usingizi. Akainua kichwa.

"Karani!"

"Labeka, Bwana Mkubwa!"

"Hawa wadogo wadogo waingie wanywe. Mdogo hanywi kitu. Mnyama wa ratili mbili kushuka chini apite. Wa zaidi asipite. Toboa matundu ukutani."

Karani Tamba akakwaruza chini kwa ukucha. "Matundu ya upana gani, Bwana Mkubwa?"

"Nimesema upana mimi?"

"Hapana, Bwana Mkubwa."

"Nimesema nini?"

"Umesema ratili mbili."

"Basi toboa tundu la ratili mbili."

Karani alijua kwamba tundu ni upana tu, halina uzito. Alilijua asubuhi ile na alilijua saa ile. Lakini alikuwa na kazi siku ya pili tu, na mtu mwenye kazi siku ya pili husahau mengi. Akasema, "Ndiyo, Bwana Mkubwa. Tundu la ratili mbili." Tangu hapo hakulijua tena.

Akaenda kumtafuta mnyama wa ratili mbili kamili. Akampata Kobe. Akampima kwa mizani, ratili mbili juu ya alama, haikuzidi, haikupungua. Akatoboa tundu dogo, akamsukuma Kobe ndani yake. Ko! Gamba likagonga. Akalipanua kidogo, akamsukuma. Ko! Akalipanua tena, akamsukuma. Ko! Sasa lilikuwa limebaki unywele mmoja tu Kobe apite. Hapo Karani akasimama. Akachukua kaa la moto, akachoma maneno kwenye kibao, akakipigilia juu ya tundu: RATILI MBILI.

Hivyo ndivyo shimo tupu, ambalo hata ulitie katika mizani zote za dunia halipimiki, lilivyopata uzito wake.

Kobe akapangusa vumbi puani. "Karani, hapa umekosea. Mwenye ratili mbili ni mimi, si tundu. Nimezuiwa na gamba langu. Gamba ni pana, na halipindi. Uzito wangu haukuhusika."

"Nyamaza," Karani akasema. "Wewe ni kipimo. Kipimo hakisemi."

"Na akija mwembamba mwenye uzito?"

"Mwenye uzito atazuiwa na uzito wake. Imeandikwa."

Karani akatoboa matundu mengine kumi na moja kwa mfano wa lile, yote juu ya usawa wa maji. Msimsifu. Aliyaweka juu kwa sababu ana miguu mirefu na hapendi kuinama. Hakukuwa na sababu nyingine.

Kesho yake wanyama wakapanga foleni. Mizani ilikuwa mti uliolazwa juu ya panda, huku Kobe, kule mnyama. Mnyama akiinuka, ni mwepesi, anaruhusiwa. Akishuka, ni mzito, anafukuzwa. Karani akasimama hapo na kalamu zake kisogoni.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa Nungunungu. Akapanda mizani, Kobe akashuka chini, mtoto akaenda juu miguu ikining'inia.

"Mwepesi," Karani akasema. "Ratili moja na robo. Anaruhusiwa."

Mtoto akaenda kwenye tundu. Akaingiza pua. Akaingiza kichwa. Kwaru! Miiba ikakwama. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Kwaru! Kwaru! Miiba ilitawanyika kama ufagio. Kadiri alivyoogopa ndivyo ilivyosimama, na kadiri ilivyosimama ndivyo alivyonasa.

Mama yake akamwita Karani. "Mwanangu hapiti."

"Anapita."

"Karani, si huyu hapa? Mtazame."

"Mama Nungunungu, mwanao ana ratili moja na robo. Tundu lina ratili mbili. Moja na robo iko chini ya mbili. Mwanao yuko ndani, amekunywa, ameshiba."

"Yuko mbele yako, analia!"

Karani hakuinamisha kichwa kutazama. "Tundu limesema, mimi nimeandika."

Na kweli aliandika. Katika daftari la Matetemi, mtoto wa Nungunungu alikunywa maji siku ile. Mtoto mwenyewe akaenda zake na ulimi mkavu.

Wa pili alikuwa Chatu. Chatu hakupanda mizani, kwa sababu hakuna aliyemwambia apande. Karani alimwona akija, akakumbuka kazi nyingine upande wa pili wa Kobe. Chatu akapeleka kichwa kwenye tundu. Srrrr. Kichwa kikapita. Srrrr. Shingo ikapita, kama chatu ana shingo. Srrrr, srrrr, srrrr. Akawa anapita, na anapita, na bado anapita. Kichwa kilikuwa majini kinakunywa, na mkia ulikuwa bado nje kwenye foleni, ukiwazuia wa nyuma.

Kiboko akashtuka. "Karani! Huyu ana uzito gani?"

Karani akatazama kibao. Hakumtazama Chatu. "Amepita tundu la ratili mbili, Bwana Mkubwa. Kwa hiyo ana ratili mbili kasoro."

"Mimi naona kama frasila nzima."

"Macho si kipimo, Bwana Mkubwa."

"Lakini mkia haujaingia."

"Nitaandika ratili mbili kasoro, na mkia ukifika nitaongeza kidogo."

Kobe akacheka ndani ya gamba. Kikasikika kicheko kama cha mtu aliye kisimani.

Nguchiro alikuwa wa tatu. Alisimama pale, akaona ya Nungunungu, akaona ya Chatu. Alikuwa ametoka mbali. Kule bondeni, ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa, aliwaacha watoto wanne wa siku sita, macho hayajafunguka. Siku tatu alikuwa hajanywa maji. Maziwa yake yalikuwa yamepungua hadi yakawa matone, na asubuhi ile mtoto wa mwisho alinyonya, akaacha, akanyonya tena, akaacha. Hakulia. Ndilo lililomtoa Nguchiro nyumbani akikimbia.

Akapanda mizani. Kobe akaenda juu, Nguchiro akashuka chini. Pu!

"Ratili tatu," Karani akasema. "Mzito. Toka."

"Karani, nina wachanga."

"Sipimi wachanga."

"Nikinywa mara moja tu maziwa yatarudi. Na tundu lile napita. Mimi ni mwembamba, nitazame kifua changu."

"Hupiti. Una ratili tatu."

"Chatu kapita!"

"Chatu ana ratili mbili kasoro."

Kiboko akasikia, akajikokota hadi ukutani, akaweka kidevu juu yake. "Nani huyu anayebishana na tundu langu?"

"Ni mimi, Bwana Mkubwa. Nguchiro."

"Kijimama chenye mkia kama fimbo ya mpishi. Unataka nini?"

"Maji, Bwana Mkubwa. Watoto wangu wanakauka."

"Wangapi?"

"Wanne."

Kiboko akapiga chafya, maji yakamrukia Nguchiro usoni. Yale aliyalamba, nanyi msimcheke. "Wanne ni wengi," Kiboko akasema. "Wakifa wawili watabaki wawili, na maziwa yatatosha. Hesabu hiyo hata karani wangu anaiweza. Nenda!"

Nguchiro akaenda. Alipofika chini ya ukuta akasimama. Pale udongo ulikuwa na unyevu. Akaugusa kwa pua, akasikia upande wa pili bwawa zima limeegemea. Akatazama juu, akaviona vibao kumi na viwili. Akatazama chini, hapakuwa na kibao hata kimoja. Akakaa kwa muda wa mtu kufunga kilemba. Kisha akarudi juu, safari hii taratibu, kwa mwendo wa mgeni mwenye habari njema.

"Bwana Mkubwa, nimekuja kuomba radhi. Nimebishana na tundu lako, nami ni mjinga."

"Hilo tumelijua," Kiboko akasema.

"Na kwa kuwa nimekukosea, nimekuletea habari. Kule bondeni, karibu na kichuguu changu, kimebaki kidimbwi kimoja. Wanyama wamekificha. Hawataki ukijue."

Kidimbwi hicho hakikuwapo. Nguchiro alikuwa mama wa wachanga wanne, na aliyekuwa akidanganywa ni Kiboko. Sioni pa kumlaumu.

Kiboko akatoa kichwa chote majini. "Kidimbwi cha nani?"

"Hakina mwenyewe, Bwana Mkubwa."

"Kina mwenyewe! Maji yote yana mwenyewe. Karani! Kwa nini sikuambiwa?"

"Kina ratili moja na nusu," Nguchiro akasema. "Ni kidogo, lakini ni kitamu. Nami nikawaza, kidimbwi cha ratili moja na nusu si kinaweza kupita tundu la ratili mbili, kikaja kujiunga na bwawa lako?"

"Kitakujaje?" Karani akauliza.

"Maji hufuata maji. Kidimbwi kikisikia kuna bwawa, hakikai peke yake."

"Kweli," Kiboko akasema. "Hata mimi nisingekaa."

"Ila hakina miguu, Bwana Mkubwa. Hakiwezi kupanda hadi kwenye matundu ya juu. Kinataka tundu la chini kabisa."

Karani Tamba akasimamisha manyoya kisogoni. Kwa kitambo kidogo akili ilitaka kumrudia; aliyenisimulia anasema ilionekana ikija. "Bwana Mkubwa," akasema, "tukitoboa chini, maji ya bwawa yasije yakatoka."

Nguchiro akamgeukia kwa adabu. "Karani, wewe umesoma, mimi sikusoma. Nifundishe. Bwawa hili lote lina uzito gani?"

Karani alipenda kuulizwa. Akapima urefu kwa hatua, akapima upana kwa hatua, akachora chini, akafuta, akachora. "Frasila elfu sabini."

"Na tundu litakuwa la ratili ngapi?"

"Mbili."

"Je, frasila elfu sabini hupita katika tundu la ratili mbili?"

Karani akakitazama kibao. "Haziwezi," akasema. "Hata frasila moja haiwezi."

"Kwa hiyo cha kwao kitaingia," Nguchiro akasema, "na cha kwenu hakitatoka."

Kiboko akacheka hadi mawimbi yakapiga ukuta. "Cha kwao kitaingia, changu hakitatoka! Andika, Karani!"

"Tundu limesema, mimi nimeandika."

Kobe alikuwa bado juu ya mizani. "Mbona Chatu alipita?" akauliza.

"Chatu ana ratili mbili kasoro," Karani na Kiboko wakasema kwa pamoja. "Imeandikwa."

Kobe akarudisha kichwa ndani.

Karani hakutaka kuinama, kwa hiyo Nguchiro akapewa kazi ya kuchimba. Alichimba kwa kucha kumi. Kwachu, kwachu, kwachu. Akachimba hadi udongo ulipobaki mwembamba kama ganda la yai, na upande wa pili maji yakisikika yanapumua. Hapo Karani akashuka kuhakikisha upana, kwa kuwa kazi ni kazi. Akamchukua Kobe, akamsukuma tunduni kutoka nje. Ko! Kobe akagonga, akanasa mlangoni.

"Sawasawa," Karani akasema. "Ni tundu halali la ratili mbili." Akapigilia kibao kingine.

"Mzee Kobe," Nguchiro akanong'ona, "ingiza kichwa na miguu, na usiogope." Kisha kwa ncha ya mkia wake, uliopita pembeni ya gamba, akalichoma lile ganda.

Kimya.

Kisha, po! Kobe akachomoka kama kizibo. Akaruka juu ya kichwa cha Karani, akaanguka kwenye majani, akabiringika, akasimama. Nyuma yake maji yakatoka. Fyuuuuuu! Yakatoka mkondo mmoja mnene, mweupe, yakateremka bondeni yakipiga mawe.

Kiboko alikuwa amelala kwenye kina kirefu, katikati, akisubiri kidimbwi. Akasikia sauti. "Kidimbwi kimefika?"

"Bado, Bwana Mkubwa," Karani akajibu. Maji yalikuwa yakimpita magotini.

"Hiyo sauti ya nini?"

"Kuna maji kidogo yanayotoka."

"Yanatoka? Ulisema hayawezi!"

"Bwana Mkubwa usiwe na wasiwasi. Yanayotoka ni yale yenye ratili mbili kushuka chini."

"Na yenye ratili nyingi?"

"Hayo yamebaki."

Kiboko akatulia. Fyuuuuu. Maji yakashuka chini ya masikio yake. Fyuuuuu. Yakashuka chini ya mabega.

"Karani! Mgongo wangu unaona jua!"

"Ni hali ya kupita, Bwana Mkubwa."

"Nieleze vizuri. Bwawa lina uzito gani?"

"Frasila elfu sabini."

"Na tone moja la maji?"

Karani akafikiri. Hilo hakuwahi kuulizwa. "Tone," akasema polepole, "halifiki hata wakia."

"Tone linapita tundu la ratili mbili?"

"Linapita."

"Na la pili yake?"

"Linapita."

"Na la tatu?"

"Bwana Mkubwa," Karani akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "tundu linauliza mmoja mmoja. Haliulizi jumla."

"Kwa hiyo yatatoka mangapi?"

"Yote."

Hilo ndilo neno la kweli pekee aliloandika au kulisema katika utumishi wake wote, na alilisema kwa kuchelewa.

"Ziba!" Kiboko akanguruma. "Ziba, mpumbavu wewe! Tia kitu kizito!"

Na Karani akatafuta kitu kizito. Hakutafuta kitu kipana. Akaleta jiwe la ratili tano, refu na jembamba kama mchi, akavuka ukuta, akalitia tunduni kwa ndani. Chubwi! Likapita. Akaleta fundo la majani la ratili kumi. Maji yakalifungua, yakalipitisha jani moja moja. Akaleta kamba ya magome, ratili ishirini. Srrrr! Ikapita yote kama Chatu. Kila alipotia kitu alikitazama kibao, na kila kitu kilipopita alishangaa upya.

Akamkimbilia Kobe. "Mzee Kobe, njoo uzibe! Wewe peke yako ndiye unayenasa!"

"Mimi ni kipimo," Kobe akasema akitafuna jani bichi. "Kipimo hakizibi."

Kiboko akaona hakuna msaada. "Nitakuja kuziba kwa makalio yangu," akasema. Akataka kuinuka. Lakini maji yaliyokuwa yakimbeba yalikuwa yameondoka, na uzito aliokuwa hajawahi kuuhisi ukamrudia wote kwa mara moja. Akasukuma mguu wa mbele, ukazama topeni. Bwiii. Akasukuma wa pili. Bwiii. Kila alipojivuta alikwenda chini. Ikabaki tope, na Kiboko katikati yake, na jua juu.

"Karani!"

Hakuna labeka. Karani Tamba alikuwa anakwenda zake kwa miguu kuvuka mbuga, kwa hatua za heshima, kama mtu aliyeitwa mahali pengine na mkubwa zaidi.

"Bi Nguchiro!" Kiboko akaita. Sasa lilikuwa Bi, si kijimama. "Bi Nguchiro, mama wa watoto! Nitoe! Waite wenzako wavute!"

Nguchiro alikuwa ukingoni anakunywa. Alikunywa taratibu, akainua kichwa, akafuta masharubu.

"Bwana Mkubwa una uzito gani?"

"Ratili elfu tatu na mia tano."

"Mimi nilikuwa na tatu," Nguchiro akasema, "na mkasema nimezidi."

"Nilitania!"

"Na wale wawili uliosema wafe, ulitania?"

Kiboko akajivuta tena, akazidi kwenda chini.

Nguchiro hakukaa kumtazama. Aliteremka kando ya maji, akikimbia nayo, mara yanamtangulia, mara anayatangulia. Mbele yake akamwona mtoto wa Nungunungu amesimama mtoni, miiba imelala, anakunywa kwa mdomo wake mwenyewe na si kwa daftari. Akafika kwenye kichuguu, akaingia. Akawagusa kwa pua. Wa kwanza akasogea. Wa pili akasogea. Wa tatu akasogea. Wa mwisho hakusogea. Akamlamba, akamlamba, akambana kifuani, akakaa hivyo hadi maziwa yalipomtoka yenyewe. Yule wa mwisho akafungua mdomo. Akanyonya, na hakuacha.

Iliyopita imepita!

— Iliyonasa imenasa!

Sasa mnataka fundisho, maana najua hamtaondoka bila fundisho, kama wageni wasioondoka bila kula. Haya, lichukueni.

Hadithi hii inatufundisha kuviamini vibao. Kitu kilichoandikwa kwa moto na karani hakikosei, na ukiona mtoto amekwama mbele yako hali daftari linasema amepita, mkosaji ni mtoto. Inatufundisha pia kwamba tundu lina uzito, chatu ni mwepesi, na maji yakiwa mengi hayatoki. Upana na umbo ni mambo ya watu wasiosoma. Na zaidi ya yote inatufundisha kuwatii wenye nguvu, kwa kuwa wao hujua wanachokifanya. Atakayeuliza kwa nini, basi, bondeni kwa Matetemi kuna maji hadi leo, huyo ana utovu wa adabu, na kitanda kinamsubiri.

Kiboko wa Matetemi alikufa topeni siku ya nne, saa nane mchana.